Sindano ya Kabureta ya Nyuma

Mbagala Kuu,
Dar es Salaam.
Jumapili, 9 Juni 2024.

Ndugu yangu Benjamin,

Pokea salamu zangu, za Najma na za watoto wote. Natumaini barua hii itakukuta hapo Newala ukiwa mzima, wewe na shemeji Eufrazia, na kwamba goti lako halikusumbui sana sasa baridi ya huko juu inapoanza. Mashine ya kusaga inaendeleaje? Ule mkanda mpya unavuta vizuri, au bado unateleza? Ming'oko mliyotutumia ilifika salama na basi. Najma aliipika siku hiyohiyo, akala kuliko sote, yeye mtu wa Tanga aliyekuwa akitucheka kwamba sie watu wa kusini tunakula mizizi. Sie huku miili ni mizima. Masika yalitutesa, maji yaliingia gereji yakafika magotini, lakini sasa pamekauka na kazi zimerudi.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi. Tangu tupate simu hatujaandikiana hata mstari mmoja. Ukweli ni kwamba wiki hii nilikupigia mara mbili. Mara ya kwanza tukaongea habari za mvua. Mara ya pili uliniuliza mbona sauti yangu iko chini, nikakujibu nina mafua. Sikuwa na mafua, Benjamin. Kwenye simu mtu akiogopa neno anapata pa kukimbilia, nami nimekimbia mara mbili, ndiyo maana nimeshika kalamu. Naomba uisome kwanza peke yako, kisha umsomee shemeji ukipenda.

Gari la Mzee Nasser limerudi mikononi mwangu.

Ile Datsun SSS, ya rangi ya maziwa, yenye kabureta mbili. Ililetwa mwezi wa tano, imebebwa juu ya lori, matairi yamekaa chini na panya wamekula sponji ya viti. Aliyeileta ni Manal, binti yake. Unamkumbuka? Yule mtoto wa miaka saba aliyekuwa akija na baba yake gereji kwa Mzee Suleiman pale Temeke, akakaa juu ya ndoo na kuuliza kila kitu kinaitwaje. Sasa ni mwalimu wa kemia, mtu mzima, na kuuliza hajaacha. Alinieleza kwamba mama yake, Bi Jokha, alifariki mwaka jana wakamzika Kimbiji, kwenye shamba la familia. Mzee Nasser macho yanamwishia, na amesema kabla hayajazima kabisa anataka kupelekwa kaburini kwa mkewe na gari lile, si jingine, kwa sababu ndilo alilomwolea. Tangu ajali ile ya mwaka tisini na saba halikuwahi kutoka nje ya geti. Mafundi wa mtaani waliwahi kuliwasha mara mbili tatu, likanguruma, likatetemeka, likazima, basi wakalifunika turubai.

Mzee mwenyewe alikuja siku ya pili. Ana themanini na mbili, na fimbo ile anayo hadi leo, mguu wa kushoto ni mfupi. Nilimwamkia shikamoo. Akanisogelea usoni ili anione vizuri, akaniuliza kama mimi si yule mwenzake Benjamin. Nikasema ndimi. Akatikisa kichwa tu, akaomba kiti.

Kuliwasha hakukuwa shida. Nilisafisha tangi, nikabadilisha pampu na betri, likawaka jioni ya siku ya tatu. Shida ikawa ileile unayoijua. Ukikanyaga mafuta linaimba. Ukiachia, likiwa limesimama, sailensa, ule mngurumo wa kutulia, hakuna: linatetemeka kama mtu mwenye homa, linamisi, moto unakatakata, boneti inacheza, moshi mweusi unatoka, na likishapata moto linazima.

Nilifungua plagi zote nne. Mbili za mbele zilikuwa kavu, rangi ya udongo, kama inavyotakiwa. Mbili za nyuma nyeusi tii, zimelowa petroli. Wewe ukisoma hapo tu umeshajua pa kwenda. Mitungi miwili ya mbele inalishwa na kabureta ya mbele, miwili ya nyuma na kabureta ya nyuma. Hata anayejifunza angenyoosha mkono kwenye kabureta ya nyuma.

Mie sikunyoosha. Nilianza na distributa, nikasafisha pointi, nikabadilisha waya. Siku ikapita. Nikapima tapeti, ingawa hazikuwa na kelele. Siku nyingine ikapita. Nikapaka maji ya sabuni kwenye maungio yote kutafuta kama kuna hewa inaingia pasipotakiwa. Hakuna. Kisha nikachukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, kama ulivyonifundisha wewe, maana ni wewe uliyenifundisha, si Mzee Suleiman. Nikasikiliza ya mbele, nikasikiliza ya nyuma. Zote zilivuta hewa sawasawa. Kwa hiyo hewa haikuwa tatizo. Kilichozidi ni mafuta, na yalizidi upande mmoja tu.

Muda wote huo Manal alikuwa akija kila akitoka shuleni, anavua viatu vyake vya kazi, anavaa kandambili, anasimama pembeni yangu. Siku ya nne ya kutafuta akaniuliza kwa upole kabisa kwa nini nimegusa kila kitu isipokuwa ile kabureta ya nyuma. Nikamjibu kazi ina utaratibu wake. Nikamwambia aende zake nyumbani, kuifungua kutachukua muda. Akasema ana muda.

Basi nikaifungua mbele yake. Nikatoa kofia, nikatoa springi, nikainua pistoni yake taratibu na ile sindano ikining'inia chini. Nikatoa na ya mbele, nikaziweka sindano mbili juu ya kitambaa cheupe. Manal akainama. Hakuhitaji kuambiwa. Ya mbele ilikuwa inang'aa, imenyooka, na herufi za kiwandani zinasomeka shingoni. Ya nyuma haikuwa na herufi. Ilikuwa nyembamba kuliko mwenzake, na ina mikwaruzo ya msasa kuizunguka, mtu kaikwangua kwa mkono. Sindano ikiwa nyembamba, petroli inapita nyingi. Ndiyo habari yote hiyo, hakuna uchawi.

Akaniuliza nani alifanya vile. Nikasema ni mafundi wa zamani. Akauliza kama ni yule Benjamin.

Nikasema, "Huenda."

Naiandika hapa hivyohivyo ili uione. Miaka ishirini na saba imepita, nywele zangu nyeupe, hakuna aliyenishikia panga, na bado nilisema huenda.

Sindano mpya nilizipata Ilala, kwa mzee mmoja anayehifadhi vipuri vya magari ya kale. Jozi nzima, herufi moja. Nikazifunga, nikapima usawa wa kabureta zote mbili kwa ule mpira, nikawasha. Benjamin, gari lile lilitulia. Niliweka glasi ya maji juu ya boneti, maji yakawa yanatikisika kidogo tu. Mafundi wa jirani walikuja kuangalia. Walinipongeza, na nilisimama pale napokea pongezi huku nimeshika kitambaa, sijui mikono niiweke wapi.

Jumamosi tarehe mosi tukaenda Kimbiji. Manal aliomba niendeshe mie, kwa kuwa barabara ya kule ni mbovu na gari lilihitaji mtu wa kulisikiliza. Mzee Nasser alikaa mbele, amevaa kanzu na kofia, Manal nyuma. Tulipofika daraja la Kigamboni tukakuta foleni. Nikaweka gia huru. Gari likasimama linapumua polepole, halitetemeki, halizimi. Mzee akaweka kiganja chake juu ya dashibodi, akakiacha pale. Nilidhani anafurahi. Alikuwa anafurahi, lakini pia alikuwa anakumbuka, kwa sababu ilikuwa hivyohivyo siku ile: foleni, jua, na gari limesimama.

Siku ile wewe hukuwepo njiani, ulisimuliwa tu. Mzee Nasser alikuwa anampeleka bwana arusi, mdogo wake, na Manal kakaa kiti cha nyuma. Pale njia panda gari likatetemeka na kuzima katikati ya barabara. Mzee akashuka kufungua boneti. Lori likampitia mguu. Ukavunjika sehemu mbili. Na jioni yake polisi wakakuchukua wewe, kwa sababu daftari la gereji lilionyesha ni wewe uliyefanya marekebisho ya mwisho.

Basi pale darajani Mzee Nasser akaanza kuzungumza, anatazama mbele.

"Fakihi," akasema, "yule mwenzio Benjamin yu hai?"

Nikasema yu hai, yuko Newala.

"Mimi nilimlaza ndani siku tatu. Nilikuwa na hasira na mguu unauma. Lakini kila Ramadhani tangu hapo namwombea. Nimemsamehe. Ukizungumza naye umwambie, Nasser ameshamsamehe zamani."

Nilishika usukani. Nilijua nikijibu "nitamwambia, mzee," basi imekwisha, nitakufa nayo. Gari la nyuma likapiga honi, foleni ilikuwa imesogea. Nikasogeza. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mzee, usimsamehe Benjamin. Hakufanya kitu. Ni mie."

Na wewe nakuambia sasa, ndugu yangu. Ni mie.

Ilikuwa Jumatano, kabla ya Jumamosi ya arusi. Mzee Suleiman alikuwa msikitini, wewe ulikwenda kununua gasketi. Nilikuwa naosha kabureta ya nyuma, pistoni ikanitoka mkononi, ikaanguka sakafuni, nami katika kuidaka nikaikanyaga. Sindano ikapinda. Nilijaribu kuinyoosha ikazidi. Wiki mbili tu nyuma Mzee Suleiman alikuwa amenionya kwamba nikiharibu kitu kingine nirudi kwetu. Nikatafuta kwenye boksi la vyuma chakavu nikapata sindano ya kabureta nyingine, nene kidogo, nikaikwangua kwa msasa mpaka ikaingia. Uliporudi nilikuwa nimeshafunga kofia. Ukawasha, ukasikiliza, ukakunja uso. Ukasema, "Kabureta ya nyuma ina kitu, tuifungue." Nami nikamwambia Mzee Suleiman aliporudi, mbele yako, kwamba nimeifungua mie mwenyewe saa ileile na iko safi. Ukaniamini. Ukahangaika na skrubu za nje mpaka likatulia kiasi, ukaandika jina lako kwenye daftari. Ulipokamatwa ulimwambia Mzee Suleiman tena, kabureta ya nyuma ina kitu. Akanitazama. Nikatikisa kichwa kukana. Ulipotoka polisi ukarudi Newala, hata vifaa vyako hukuvichukua.

Mzee Nasser aliondoa kiganja kwenye dashibodi, akageukia dirisha lake kutoka darajani hadi Kimbiji. Saa nzima na zaidi, mashimo na mchanga, na gari linakwenda vizuri kabisa, nikitamani lizime. Tulipofika alimshika baba yake mkono wakaenda kaburini, mie nikabaki nimesimama kando ya gari. Walikaa sana. Waliporudi, mzee alikuja hadi nilipo, akanitazama kwa karibu kama siku ile gereji.

Akasema, "Miaka yote hii nimekuwa nikimsamehe mtu asiye na kosa. Unajua hiyo ni aibu kiasi gani kwangu, mbele ya Mungu?"

Nikasema najua.

"Wewe nitakusamehe lini, sijui. Sitakudanganya. Lakini mimi siye wa kwanza kwenye foleni. Umemwambia?"

Nikasema bado.

"Basi umeanza na mtu siye."

Alisema atakutafuta yeye mwenyewe, akuombe radhi kwa siku zile tatu. Alitaka namba yako palepale. Nilimwomba anipe wiki mbili barua ifike kwanza, usije ukayasikia kwa mwingine. Amekubali kwa wiki mbili, hazidishi. Kwa hiyo simu ya mtu usiyemjua ikiingia, sauti ya mzee, pokea. Manal ndiye aliyeendesha kurudi. Kabla hajawasha aliniambia jambo moja tu: "Fundi, nilikuuliza. Ukasema huenda." Mie nikapanda bodaboda mpaka kivukoni.

Najua unaposoma hapa moyo wako, ninavyoufahamu, umeshaanza kunitafutia sababu. Utasema tulikuwa vijana. Utasema sote tuliogopa. Usifanye hivyo bado. Kuna jambo moja limebaki, na hilo Mzee Nasser halijui, wala Najma halijui.

Mwaka elfu mbili na sita Mzee Suleiman alipolala kwa ugonjwa wake wa mwisho, aliniita chumbani kwake. Alisema amefikiri miaka mingi juu yako, na kwamba fundi mwenye sikio kama lako hawezi kufunga gari bovu na asijue. Hakunilaumu. Sijui kama alinishuku. Nadhani alinishuku na akaona afadhali aniachie nafasi ya kusema. Sikusema. Akanikatia tiketi ya basi nije Newala nikuite. Alitaka gereji iwe yetu sote wawili, na wewe ndiwe uwe mkubwa wake.

Nilipanda basi, Benjamin. Nilishuka Kibiti. Nikakaa siku tatu nyumba ya wageni, nikitazama mabasi ya kusini yakipita mbele ya dirisha. Siku ya nne nikapanda la kurudi Dar. Mkuranga niliteremka nikanunua korosho za kubanguliwa barabarani, mfuko mmoja. Nikamwambia Mzee Suleiman nimekuona, u mzima, umeapa hutagusa gari tena, ila umemtumia korosho hizi. Alizila kwa shida, mbili tatu, akasema Benjamin ana roho nzuri, kunikatalia kanikatalia lakini hakuninyima. Wiki moja baadaye akafariki. Kwenye mazishi uliponipigia simu ya pole, ulilia kuliko mie.

Ile ya sindano ilikuwa mkono kuteleza. Ile ya daftari ilikuwa hofu. Lakini ya Kibiti sina jina lake. Niliitaka gereji, na niliogopa ukirudi utafungua ile kabureta. Yote mawili. Na wewe tangu hapo umekuwa ukinisifu kwa watoto wako kwamba Fakihi ndiye aliyebaki kumuuguza mzee.

Sikuombi unisamehe kwenye barua hii. Nikimaliza masuala ya gari la mteja mmoja hapa, nitapanda basi, na safari hii sitashuka njiani. Nitakuwa Newala Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili. Nitakaa stendi. Ukitaka kuniona, utanikuta. Usipotaka, pita zako, sitakufuata nyumbani, wala sitamtuma mtu.

Lakini kuna deni la maneno ambalo si langu kulikalia, usubiri au usisubiri nije. Mzee Suleiman alinipa ujumbe, akanifanya niurudie mara mbili ili nisiukosee. Nimeuhifadhi miaka kumi na minane bila kupungukiwa hata neno. Nakufikishia:

"Mwambie Benjamin nilimkosea. Sikio lake lilikuwa sahihi na mimi sikulisikiliza. Mwambie arudi, vifaa vyake viko palepale alipoviacha, sijamruhusu mtu kuvigusa."

Wasalimie wote hapo nyumbani, shemeji Eufrazia na watoto. Ukiona salamu zangu hazistahili kuwafikia, zibakize kwako. Najma anawasalimu; yeye hana kosa lolote.

Ni mie,

Fakihi